Kitenge Chenye Kona Iliyoungua

Jumamosi, 7 Novemba 2015

Vazi la tatu la askari limeisha. Cherehani inakula uzi tena, nimeitukana vya kutosha. Bado mavazi sita. Theluji haijaja, na majirani wote hapa West Side wanashangilia. Mimi sipendi. Mwaka jana mwezi huu huu ilizika magari upande wa kusini wa mji. Kitu kinachochelewa hivi kinakuja na hasira.

Mazoezi saa nane mchana, ukumbi wa chini wa kanisa. Programu ya msimu wa baridi imebandikwa mlangoni. Wenzetu wa Louisville wanaleta filamu mpya. Columbus wanaleta mchezo wa televisheni wa vipindi vitatu. Sisi wa Buffalo tunaleta igizo la jukwaani. Yote yataonyeshwa siku moja, Columbus, tarehe 19 Desemba, halafu yauzwe kwa DVD kwenye maduka ya Grant Street. Mwalimu Amani, kiongozi wetu wa maigizo, ameagiza mavazi tu, hajasema kisa chetu ni kipi. Yeye haandiki kitu. Kila Jumamosi anawasimulia waigizaji kipande kimoja, wao wanatunga maneno papo hapo. Mwisho anaujua yeye peke yake.

Neema amepewa nafasi ya kwanza! Binti yangu, miaka kumi na minne, mvivu wa kuosha vyombo, leo kawashinda dada wa kwaya. Nilifurahi mpaka nikajichoma sindano.

Jumanne, 10 Novemba

Mashuka, mashuka, mashuka. Chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, kazini kwangu, kina joto la tanuri. Mgongo. Neema kala wali kasimama, simu mkononi. Nikamwuliza habari za shule. "Fine." Neno moja, ndiyo chakula changu cha jioni.

Jumamosi, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Mwalimu Amani leo kasimulia kipande cha kwanza. Ndugu wawili wa kike wanakimbia vita. Mkubwa ana mimba, mumewe kauawa. Neema ndiye mdogo mtu. Nikasema moyoni, bon, sawa, kisa cha kila nyumba ya hapa, watu watalia, tutapigiwa makofi. Nikaendelea kubana pindo.

Halafu akanijia. "Mama Neema, nitafutie kitenge cha njano. Kona moja iwe imeungua kidogo."

Pini zikanimwagika zote. Nikapiga magoti kuziokota ili asinione uso.

Sijawahi kuandika jambo hili popote. Sasa naandika. Neema sikumzaa. Alimzaa dada yangu Riziki, ufukweni, siku tuliyovuka ziwa kutoka Baraka, mji wetu wa Kongo. Damu haikukatika. Akafa mchana ule ule, mtoto akiwa amefungwa kwenye kitenge chake cha njano, kile kilichoungua kona jikoni kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kambini, kwenye mstari wa kuandikishwa, mama mmoja alininong'oneza: sema ni wako, la sivyo watamchukua. Nikasema wangu. Tangu siku ile naitwa Mama Neema. Karatasi zote zinasema nimemzaa. Na Neema anajua hivyo.

Kitenge kipo chini ya kitanda changu, kwenye sanduku.

Jumapili, 15 Novemba

Mtu niliyemwambia duniani ni mmoja. Mama Esta, mwenzangu wa maombi. Februari, kwenye mfungo wa wanawake wa siku tatu, kila mmoja alitakiwa autue mzigo wake mmoja. Njaa na machozi vikanilegeza ulimi. Mdomo huponza kichwa, na changu kimeponzeka.

Nimemvizia baada ya ibada, nje, penye magari. Hakukana hata kwamba alimsimulia Mwalimu. Akanishika mikono, uso unang'aa, kama ameniletea zawadi.

"Dada, sikutaja jina. Ushuhuda bila jina ni ya kanisa yote. Watu watapona!"

Ndivyo tulivyo. Hiyo ndiyo desturi yetu, hata mimi nimewahi kusimulia ya wengine bila majina na watu wakasema amina. Nilitaka kumpiga kofi. Sikumpiga. Nilimwambia asiniite dada tena. Akaanza kuniombea pale pale, kwa sauti. Loo!

Anajua yeye. Mwalimu hajui ni mimi. Basi.

Jumamosi, 21 Novemba

Kipande cha pili. Ufukweni. Dada mkubwa anajifungua na kufa.

Neema alilia machozi ya kweli. Alimshika yule binti aliyelala chini akamwita, akamwita tena, sauti ikakatika. Mimi nilikuwa nyuma na mkasi mkononi. Nilimwona nani, Neema au mimi? Alifanana na Riziki pia, hasa akiinamisha shingo. Nikatoka nje nikasimama kwenye upepo bila koti.

Kwenye basi akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini huyo msichana hakumpa mtu mzima yule mtoto. Mbona alikuwa mdogo tu.

Nikamjibu, "Sijui. Mchezo huo."

Sijui! Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 22 Novemba

Nimemwendea Mwalimu Amani. Nikamwambia kisa kinahuzunisha mno kwa msimu wa sikukuu. Akacheka. Nikamwambia basi abadilishe kitenge, kiwe cha bluu. Akanitazama.

"Mama Neema, kwani kisa kinakuhusu?"

"Hapana."

"Unamjua mwenyewe?"

"Hapana."

"Kambini hukuwahi kusikia?"

"Sijasikia."

Mara tatu nimekana. Jogoo hakuwika, huku Grant Street hakuna jogoo. Lakini nimejisikia vile vile.

Anasema Louisville wamekodi magari mawili kuja kutuona. Louisville kuna watu wengi wa kambi yetu.

Alhamisi, 26 Novemba

Sikukuu yao ya bata mzinga. Sina kazi leo. Nilipanga kumwambia baada ya chakula. Nilipika sombe ya majani ya muhogo na samaki, nikatandika kitambaa cha meza. Tukala. Akacheka na video ya paka. Alinionyesha hata mimi, tukacheka wote. Nikaona, siwezi kuua kicheko hiki leo. Nitamwambia Jumapili.

Kwetu mama mdogo ni mama, hakuna anayebisha. Angekulia Baraka, ningemwambia akiwa na miaka mitano na asingeacha hata kula. Lakini amekulia hapa. Hapa mama mdogo, shangazi, mke wa mjomba, wote jina moja, watu wa kutumiwa kadi. Nikimwambia leo, kesho nitakuwa mtu wa kadi.

Nje jua. Mwisho wa Novemba, Buffalo, jua! Watu wamevaa fulana. Naogopa anga hili.

Jumamosi, 28 Novemba

Kipande cha tatu, kambini. Mwalimu mwenyewe anaigiza ofisa. Anagonga meza: "Huyu mtoto ni wa nani?" Neema anajibu, "Wangu." Amelisema vizuri sana neno hilo.

Kabla ya mazoezi nilipita Grant Street nikanunua kitenge kipya cha njano. Nikawasha mshumaa kwenye sinki, nikaunguza kona. Si kazi ngumu. Harufu ya pamba ikajaa jikoni, nikafungua dirisha. Kile cha kweli kitabaki sandukuni kilipo. Hiki kitakwenda Columbus kidanganye watu.

Jumapili, 29 Novemba

Sikumwambia.

Alhamisi, 3 Desemba

Neema amejaribu mavazi leo. Alikaa muda mrefu na kile kitenge mapajani, anapitisha kidole kwenye kona. Akauliza kwa nini nimetoboa matundu matatu, moja kubwa na mawili madogo juu yake.

Nikatazama. Yesu wangu. Ni kweli. Mwalimu alisema kona iungue kidogo tu. Mkono wangu umeunguza kona ya Riziki vile vile ilivyo, kubwa chini, mawili madogo juu. Sikuwaza hata. Mkono ulijua njia wenyewe.

"Mshumaa uliniponyoka," nikasema.

Mara tatu?

Hakusema hivyo kwa mdomo. Alisema kwa macho.

Jumamosi, 5 Desemba

Mwisho sasa umejulikana. Mtoto amekua. Anamwuliza mama yake, mbona sifanani na wewe? Mama anapiga magoti mbele yake na kukiri: sikukuzaa. Mtoto anaigizwa na Esta mdogo, wa Mama Esta, miaka tisa. Mwalimu anataka Neema atunge mwenyewe maneno ya kukiri. "Yatoke tumboni," anamwambia.

Leo Neema alikataa kuyajaribu. Alisema atayasema Columbus. Mwalimu akafurahi, akasema huyo ndiye mwigizaji. Mimi sikufurahi. Neema huwa hanyamazi kitu. Hata mswaki mpya anautangaza.

Jumatano, 9 Desemba

Nimetoka kazini nikavuta sanduku. Mimi hufunga zipu mpaka mwisho, upande wa kushoto. Leo kichwa cha zipu kiko kulia.

Kitenge kimo. Kimekunjwa mara nne. Mimi hukunja mara tatu.

Labda nimesahau. Labda ni mimi. Nimekaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumapili, 13 Desemba

Watu kanisani wanafurahia hali ya hewa, pasta ameitaja hata kwenye maombi. Hakuna theluji bado. Wazee wa kazini wanasema hawajawahi kuona hivi. Mmoja hunishika mkono kila nikichukua shuka zake, anasema itakuja tu, itakuja tu. Ana akili zake timamu kuliko mimi.

Mama Esta alinipungia mkono. Nikageuza shingo.

Neema hali sana. Nikiingia chumbani anaweka simu chini. Nikitoka haichukui tena. Nasikia kimya tu mle ndani.

Jumatano, 16 Desemba

Leo nilianza kabisa. Nilisema, "Neema, kuna jambo." Alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa. Alisubiri. Nikamwona anasubiri, mikono imesimama kwenye kamba.

Nikasema, "Usisahau soksi nzito za safari."

Akafunga kamba. Akaenda shule.

Mpumbavu. Mpumbavu. Mpumbavu.

Ijumaa, 18 Desemba

Imeanguka. Kidogo tu, kama unga uliomwagika mezani, lakini imeanguka, asubuhi hii hii tunayopakia gari la kanisa. Kila mtu anapiga picha. Mimi nimehesabu mavazi: askari, ofisa, mkunga, kitenge. Kitenge kimo ndani ya mfuko wa Neema, alisema atakibeba mwenyewe.

Saa tano za barabara. Alikaa kiti cha mwisho kabisa, kofia usoni. Naandika haya Hilliard, kando ya Columbus, nyumbani kwa familia iliyotupokea. Watu wazuri, wametupikia ugali na ndizi. Neema alisema asante kwa Kiswahili safi. Kwangu hajasema neno tangu Buffalo.

Nilisimama mlangoni mwa chumba walichowapa mabinti. Wenzake walikuwa mle. Nikarudi. Daima kuna mtu. Daima nina sababu.

Jumamosi, 19 Desemba

Niandike kwa mpangilio, la sivyo sitaweza.

Ukumbi ni wa kanisa moja la Clintonville, humu humu Columbus, wametuazima. Umejaa mpaka ngazini. Louisville walitangulia na filamu. Mtu yuko kiwandani, simu yake inaita mfukoni kutoka nyumbani, haruhusiwi kuipokea zamu nzima. Sauti mbovu, picha giza, lakini anayeigiza anajua. Namna tu anavyoitazama saa ya ukutani. Halafu Columbus, vipindi vyao vitatu: mama mkwe anafika kutoka Bukavu na kugombana na mashine ya kuosha vyombo. Watu waliangua vicheko. Ningecheka siku nyingine. Mimi nilikuwa natazama pembeni, penye pazia.

Halafu sisi.

Neema aliingia na mwanasesere mgongoni. Nilikuwa mstari wa tatu. Nikaona mara moja. Kitenge kilichombeba mwanasesere hakikuwa cha Grant Street. Kilikuwa kimepauka, njano ya ugali wa jana, na kingo zimechakaa. Cha Riziki. Mbele ya watu wote wale.

Nyuma yangu mama mmoja wa Louisville alisema, "Eh, kile kitenge." Labda alikisifu tu. Sikugeuka.

Ofisa akagonga meza. Huyu mtoto ni wa nani?

Mazoezini hujibu mara moja. Leo alinyamaza. Alinyamaza mpaka mtu akakohoa. Mwalimu Amani akauliza tena, naona jasho lake. Ni wa nani?

"Wangu."

Umemzaa wewe?

"Mimi."

Hakuwa ananitazama. Nilishika kiti cha mbele yangu.

Kisha mwisho. Esta mdogo akauliza swali lake, mbona sifanani na wewe, kwa sauti yake ya kuimba. Neema alitakiwa apige magoti. Hakupiga. Alifungua kitenge, akakitandaza mbele yake kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye tundu kubwa. Kisha akautazama ukumbi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akanipata.

"Nani atamwambia?" akasema.

Kwa Kiswahili. Polepole. Akasubiri, kama alivyosubiri na kamba za viatu.

Ningeweza kusimama. Mama yeyote mwenye moyo angesimama. Nilikaa.

Kisha makofi. Vigelegele! Watu walisimama, wakapiga miguu chini. Mwalimu akamwinua mkono, anadhani ni ufundi, anadhani mtoto ametunga mwisho bora kuliko wake. Mama Esta analia, anatikisa kichwa, ananielekezea kidole mbinguni. Nilimchukia kuliko shetani.

Neema alinipita mlangoni akiwa amebeba kitenge kifuani. Nikamwita. Akapita.

Jumapili, 20 Desemba

Barabarani. Mvua nyembamba. Watu waliimba kwaya mpaka mji wa Erie. Mimi na yeye hatukuimba.

Jumatano, 23 Desemba

Mwalimu amepiga simu kwa furaha. DVD zitatoka Januari. Picha ya jalada ni Neema na kitenge. Nikamwambia sawa. Nitafanyaje? La kuvunda halina ubani.

Nyumbani ni mlango tu. Unafunguka, unafungwa. Niliacha sahani ya chakula nje ya chumba chake. Kala. Hilo tu ninalojua.

Ijumaa, 25 Desemba

Kanisani aliketi na mabinti. Walipotangaza majina ya waigizaji wakasema, "Na mama yake asimame!" Nilisimama. Yeye alitazama dirisha.

Jumanne, 29 Desemba

Theluji ya kweli imekuja. Pamoja na barafu, asubuhi mabasi yalitambaa. Kazini wametuachia mapema. Nilimkuta Neema jikoni, mchana, shule imefungwa kwa likizo. Kitenge kilikuwa mezani, kimekunjwa mara tatu, ninavyokunja mimi.

"Mwalimu alisema kona iungue," akaniambia kwa Kiswahili. "Hakusema matundu matatu."

Nilivua buti. Nikakaa. Nikamwambia yote, toka Baraka mpaka kwenye mstari wa kambini, hata yule mama aliyeninong'oneza. Sikupamba. Nilipofika ufukweni nikasita, akanisubiri, safari hii nikaendelea. Nikamwambia nilimwogopa. Mtoto wangu mwenyewe, nilimwogopa.

Hakulia. Alikasirika. Alisema mimi nilikaa pale ukumbini. Aliniuliza swali na mimi nilikaa. Nikasema ndiyo. Nilikaa. Sina utetezi.

Sufuria ya maharage ilichemka mpaka ikamwagika, hakuna aliyenyanyuka.

Halafu akauliza jina. Nikamwambia, Riziki. Akauliza alikuwa mkubwa wangu au mdogo. Mkubwa, nikasema, kwa miaka minne, na alinipiga sana.

Akalipeleka lile jina mdomoni mara mbili tatu, bila sauti. Akapitisha kidole kwenye tundu.

"Basi yeye ni mama mkubwa," akasema.

Kwa hesabu ya ukoo amekosea. Aliyekuzaa haitwi mama mkubwa. Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama yako. Mtoto yeyote wa Baraka analijua hilo.

Sikumsahihisha. Nilinyanyuka nikapunguza moto wa maharage.